Alama Sitini za Ludmila Kovanda

Ludmila Agnes Kovanda, ambaye wengi wenu mlimwita Lida, aliingia duniani tarehe 9 Machi 1938 katika shamba la wazazi wake, Vaclav na Agnes Hajek, maili nne kusini mwa Wilber, Nebraska. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano, na msichana wa kwanza. Mama alisimulia kwamba Lida alizaliwa amekunja ngumi zote mbili. Mdogo wake Adela, anayesoma maneno haya, hakuwepo siku hiyo, lakini hana sababu ya kubisha.

Alianza masomo mwaka 1944 katika shule ya chumba kimoja karibu na shamba, akahitimu sekondari hapa Wilber mwezi Mei 1956. Hesabu aliziweza, kushona kulimshinda. Kaka zake walipocheza besiboli nyuma ya ghala, aliazima saa ya baba akawapima mbio, kisha akatangaza matokeo mezani bila kuulizwa. Siku moja kaka yetu Otto alikasirika akasema saa ile ni mbovu.

"Saa ni nzima kabisa," Lida alimjibu. "Miguu yako ndiyo ya kupeleka kwa fundi."

Baba alicheka mpaka akapaliwa na supu.

Tarehe 20 Juni 1959 alifunga ndoa na Emil Kovanda, mfugaji wa nguruwe na mtu wa maneno machache. Walijaliwa watoto wawili, Rosalie na Gerald, na waliishi pamoja miaka hamsini, hadi Emil alipotutoka mwaka 2009. Wako waliomuuliza Emil kama haoni aibu mkewe kuzunguka viwanjani akiangalia vijana wa watu wakirusha mipira. Emil aliwajibu kwamba aibu yake ni kuwa na marafiki wa aina hiyo.

Lida alifanya kazi posta kwa miaka kumi na tano. Kuanzia 1967 alikuwa akiiandikia klabu moja kubwa ya besiboli kuhusu vijana wa shule za sekondari wenye vipaji, bila kulipwa. Taarifa zake zilikuwa nzuri kiasi kwamba mwaka 1974 klabu ilimwajiri kwa barua awe msaka vipaji wake wa Nebraska na kaskazini mwa Kansas. Alikuwa akitia sahihi "L. Kovanda", na hakuna aliyeuliza. Miaka miwili baadaye mkuu wake, Bwana Tillotson, alifika shambani bila taarifa na kumkuta Emil zizini.

"Bwana Kovanda! Nimekuja kukushika mkono. Macho yako, bwana, hayana mfano!"

"Bwana Kovanda ndiye mimi," Emil alisema, "ila mimi najua nguruwe tu. Unayemtafuta yuko jikoni anakanda unga."

Bwana Tillotson alikula kolache nne, yale maandazi yetu ya plamu, kabla ya kupata neno la kusema. Hakumfukuza. Ila tangu siku hiyo kila taarifa ya Lida ilisomwa mara mbili, na za wanaume mara moja.

Sasa tufike mwaka 1984. Kuna watu walioshauri tuuruke, kwa heshima ya wageni waliomo humu. Familia imekataa.

Msaka vipaji humpa mchezaji alama, kuanzia ishirini hadi themanini. Hamsini ni mchezaji wa kawaida wa ligi kuu. Sitini ni mtu wa kukatia tiketi kwenda kumwona. Alama hizo si za alivyo leo tu, ni za anavyoweza kuwa, na ndiyo maana kazi hii hufanywa na watu wenye macho, wala si mizani.

Tarehe 17 Aprili 1984, Marlin Sedlacek, mwenye miaka kumi na minane, alirusha mipira katika mechi ya shule yake ya Plum Ridge. Kulikuwa na upepo wa kukata masikio. Wasaka vipaji saba walikaa nyuma ya mpigaji na vifaa vyao vya kupima kasi, na Lida alikuwa wa nane. Mipira ya Marlin ilisomeka maili themanini na tatu kwa saa, ikarudia themanini na tatu. Wenye kazi hii wana mazoea yao: wakishapata namba, hukunja viti na kukimbilia uwanja mwingine. Kufikia zamu ya tatu wote saba walikuwa wameondoka. Mmoja wao alimpungia mkono Lida.

"Twende, mama! Huyu hana kitu. Utaganda hapo bure."

"Nendeni tu," alisema Lida. "Mtanisalimia hambaga za njiani."

Alibaki kwa sababu aliona jambo ambalo kifaa hakikuliona. Plum Ridge ilikuwa na wachezaji kumi na mmoja na mrushaji mmoja tu. Mkono wa yule kijana ulitoka kwa ulaini, bila kulazimishwa, kama wa mtu anayejua safari ni ndefu na petroli ni ile iliyomo. Katika zamu ya saba, ya mwisho, wapinzani walikuwa na watu wawili kwenye vituo, na walikuwa nyuma kwa bao moja tu. Hapo Marlin akafungua. Tisini na moja. Tisini na moja. Tisini na mbili. Alirusha mipira sita ya namna hiyo, na wapigaji wawili wakarudi kukaa bila kugusa kitu. Jioni ile Lida aliandika sitini kwa wino.

Bwana Tillotson alipiga simu wiki hiyohiyo.

"Lida, watu saba wameandika themanini na tatu. Saba! Wewe peke yako tisini na moja. Kifaa chako kimepigwa na baridi."

"Kikapigwa na baridi mara sita mfululizo?"

"Andika arobaini, tuyamalize."

"Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo, lakini..."

"Basi andika ya kwako. Hiyo ni yangu."

Fomu ilirudishwa mara tatu ili aibadilishe. Mara ya tatu iliambatana na ujumbe kwamba mkataba wake unaisha Septemba na kwamba afikirie vizuri. Rosalie alikuwa chuoni mwaka ule, bei ya nguruwe ilikuwa chini, na Lida alifikiri kweli, siku mbili nzima, hataki kusemeshwa. Kisha akaandika sitini, kubwa kuliko zile za kwanza, akaitia posta kwa mkono wake. Septemba mkataba wake haukufanywa upya.

Marlin alichukuliwa na klabu nyingine. Walimrushisha kupita kiasi, na mwaka wa pili bega lake likachanika. Alirudi shambani akiwa na miaka ishirini. Bwana Tillotson alipiga simu mara ya mwisho, ati kusalimia.

"Unaona sasa? Si nilikwambia?"

"Uliniambia hajui kurusha," alisema Lida. "Hukuniambia watamvunja."

Alikata simu, akaenda bustanini akalia. Hilo hakumwambia mtu ila mdogo wake, naye analisema leo kwa sababu ni la heshima. Mwaka 1986 alipata kazi kwa klabu nyingine, akaifanya hadi alipostaafu mwaka 2003. Vijana wanne aliowaandika walifika ligi kuu. Alipopongezwa kwa hao wanne, aliwauliza watu kama wamewahi kumsikia wa tano.

Novemba 2015 madaktari wa Lincoln walimkuta na saratani ya kongosho. Alikataa kulazwa mbali na nyumbani. Klabu ile ya kwanza ilipopata habari ilituma maua na zawadi: nakala za taarifa zake zote za miaka kumi, zimejaladiwa vizuri, na barua ya kumsifu kama mwanamke wa kwanza kuwafanyia kazi hiyo. Tarehe 26 Machi 2016 Rosalie alikuwa akimfungulia kurasa kitandani. Marlin Sedlacek, aliyezoea kumtembelea tangu aliporudi shambani, alikuwepo, kama kila Jumamosi. Walipofika ukurasa wa Marlin, sitini ilikuwa imekatwa. Juu yake kulikuwa na arobaini, na pembeni herufi mbili, L.K., kwa mwandiko ambao haukuwa wake.

Marlin akasema, "Iache tu, Mama Lida. Ni zamani sana. Na pengine walikuwa sahihi, mimi sikufika popote."

"Nyamaza wewe," alisema Lida. "Niliandika ulichoweza. Sikuandika watakachokufanyia. Rosalie, kalamu. Si hiyo ya risasi!"

Ilimchukua dakika nyingi. Alikata arobaini, akaandika sitini, na chini yake jina lake lote, Ludmila Agnes Kovanda, ili safari hii asiwepo wa kuliigiza.

Alifariki dunia nyumbani kwake Jumamosi, tarehe 2 Aprili 2016, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na nane. Ukurasa ule umechapishwa nyuma ya ratiba mliyoshika. Mwakilishi wa klabu ameketi safu ya tatu, na tunamshukuru kwa kuja. Ukumbini kuna chakula cha kutosha, na yeye pia akaribie. Ila asituombe nakala ya kurekebisha.

Ameacha binti, Rosalie, mwana, Gerald, na mkewe Connie, wajukuu watano, kaka yake Otto, mdogo wake Adela, na Marlin Sedlacek, ambaye hakuzaliwa kwetu na ambaye leo amebeba jeneza kwa bega lilelile.

Lala kwa amani, dada. Ni sitini.