Chupa ya Mama Safia Ukutani

Tarehe 30 Septemba 2024, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi, Mama Safia Bulaimu anarudisha ufunguo wa banda la vifaa hapa Kindu. Ningependa kusema tuko tayari. Hatuko tayari. Mvua za kwanza zimeshaanza, theluthi moja ya rundo bado haijaondolewa, na wingu ninaloliona dirishani nikiandika haya silipendi hata kidogo.

Rundo hilo wote mnalijua: mabaki ya udongo uliooshwa madini, yaliyomwagwa miaka na miaka kwenye mteremko, juu ya mashamba na chemchemi ya mtaa wa Mikelenge. Kulihamisha si kazi ngumu. Ngumu ni mvua inayolikuta limefumuliwa. Mama Safia aliajiriwa mwaka 1991 kama kibarua wa mifereji, na tangu siku hiyo wimbo wake ni mmoja: chimba kwanza njia ya maji, ndipo uguse udongo, wala usifumue zaidi ya unachoweza kufunika kwa turubai. «Maji njo mukubwa ya kazi hapa,» hutuambia, yaani maji ndiyo bosi wetu, na mhandisi akibisha humpa koleo.

Lakini sheria hiyo aliivunja yeye mwenyewe. Mwaka 1999, vita vikiwa vimepamba moto, familia zilizokimbia kutoka Punia zilifika uani kwetu na watoto wachanga, bila paa. Kazi ilikuwa imesimama kwa sababu ya risasi, na upande mmoja wa rundo ulikuwa umefumuliwa. Mama Safia aliondoa maturubai yote akawagawia. Siku ya tatu mvua ilinyesha tangu asubuhi hadi alasiri. Tope liliufukia mpunga wa Baba Elie, mkulima wa chini ya mteremko, likaingia chemchemini, na mtaa mzima ukakosa maji safi miezi miwili, wakati ambao kwenda kuchota mtoni kulikuwa kuhatarisha maisha.

Angeweza kusingizia vita, nani angembishia? Alishuka kwa Baba Elie, akaomba radhi, akashika koleo na kuzoa tope pamoja naye wiki tatu. Akiulizwa kama anajutia kuwapa watu maturubai, husema hapana. Akiulizwa kama amejisamehe, hubadilisha mazungumzo.

Tangu hapo, kila baada ya mvua, huchota maji ya chemchemi kwa chupa na kuiweka juu ya ukuta wa Baba Elie. Wazee hao wawili huingoja mpaka adhuhuri. Tope likitua chini hata unene wa ukucha, siku hiyo hakuna anayekaa: tunazibua mfereji wa juu, tunazoa shimo la chini linalotuliza tope, na hatuthubutu kumtazama usoni.

Vichekesho navyo havikosi. Siku ya harusi ya binti yake Hawa, ngurumo ya kwanza tu, mama wa bibi harusi alitoweka. Alirudi na kitenge kilicholowa matope hadi magotini, akadai sahani yake. Na chai ndiyo usiseme: hakuna aliyewahi kumwona akimaliza kikombe msimu wa mvua. Vikombe vyake vya nusu tumevikuta hadi ndani ya toroli.

Tangu kazi ya kuhamisha rundo, iliyosimamishwa na vita, irejee mwaka 2009, yeye akiwa msimamizi, theluthi mbili za rundo zimehamishwa, na chupa imetoka safi misimu sita mfululizo. Mwezi wa nne mwaka huu mimi nilikaribia kuyaharibu hayo. Asubuhi kulikuwa kweupe bila wingu, nikafumua mara mbili ya nilichoweza kufunika kwa maturubai niliyokuwa nayo. Mvua ikaja kutoka upande wa Kalima. Alinikuta ninalia na hakunigombeza. Alijilaza juu ya turubai ili upepo usilichukue, na miaka yake sitini na minne, akaniita nilale upande wa pili.

Ndiyo maana naogopa. Mama Safia anastaafu kwenda nyumbani kwake, na nyumba hiyo iko Mikelenge, chini ya mteremko, hatua chache kutoka chemchemi. Wajukuu wake wanakunywa maji yale. Mvua ijayo chupa itawekwa ukutani kama kawaida, na kazi itakayoonekana ndani yake itakuwa yetu.

Asante, Mama, kwa miaka yote. Wageni mtuwie radhi: wingu likivuka mto tukiwa mezani kwenye karamu ya kumuaga, tutaondoka. Wewe, Mama, usisimame. Tunakutakia mapumziko mema, na umalize chai yako. Sisi tuko kwenye mfereji.

Jeannette Okito, anayepokea ufunguo