Mkwe Mwenye Njuga Mguuni

Ndugu zangu, Jumapili iliyopita mliposema ni zamu yangu kusimama hapa, nilisema koo linaniuma. Koo lilikuwa zima. Nilikuwa naona haya, kwa sababu wengi wenu mliniona vile nilivyokuwa, na wawili kati yenu mliwahi kunibeba, mmoja miguu na mwingine mabega, kutoka ngazi za jengo la Tianxiu mpaka kwenye teksi. Leo nimekuja kwa miguu yangu. Nitasema polepole, na nikikosea, mnisahihishe wakati wa chai.

Kazi yangu ya zamani mnaijua. Nilikuwa nasimamia mizigo ya watu hapa kwa Wachina: naenda Xintang kwenye viwanda vya jinzi, nakagua, nafunga kontena. Na desturi ya kule mnaijua: mkishakubaliana, laoban, yaani bosi mwenye kiwanda, anakukaribisha mezani, anamimina ile pombe nyeupe ya mtama, anasimama, na wewe unasimama. Ukikataa umemdharau bosi mbele ya wafanyakazi wake. Mimi ni mtoto wa Kongwa, nimekulia kwenye mtama. Nikajiambia, hii ni ya nyumbani, imebadilishwa nguo tu. Nikanywa kwa adabu. Halafu nikanywa kwa mazoea. Mwisho, nawaambia ukweli, nilikuwa nakunywa asubuhi, peke yangu, nimekaa kitandani na viatu, bila laoban wala meza.

Siku moja niliandika alama vibaya kwenye kontena, jinzi za mama mmoja wa Moshi zikaenda kushushwa Kongo. Mnacheka. Yeye hakucheka, na ofisi yangu haikucheka, nikaambiwa nisirudi. Mke wangu alivumilia, akavumilia tena, kisha akamshika binti yetu mkono wakarudi Dodoma. Niliwasindikiza uwanja wa ndege nikiwa nanuka. Binti alinipungia mkono kama mtu anavyompungia jirani.

Dada mmoja wa humu ndani, anayeshona kule Kangle, ndiye aliyenitoa chumbani. Simtaji jina, lakini ameinamisha kichwa sasa hivi, kwa hiyo mmeshamjua. Alikuja na furushi la mifuko ya ngozi na vikofia vidogo, vya ukubwa wa yai.

"Vya nani hivi?" nikamuuliza.

"Vya ndege."

"Ndege gani anavaa kofia?"

"Nibebee mzigo, utamwona. Na uoge kwanza, kaka."

Mzigo ule ulikwenda milimani Zengcheng, katikati ya mashamba ya lichi, kwenye kituo chenye kibali cha kufuga ndege wawindaji, wale wanaofunikwa macho kwa vikofia ili watulie, na kuwaonyesha watu wanavyoruka. Mwalimu wa pale ni binti wa Kichina wa kaskazini, mdogo kwangu kwa miaka mingi, mwenye maneno machache. Tulizungumza kwa Kiingereza chake kidogo na Kichina changu cha sokoni. Mwisho wa banda alikuwepo kipanga jike, kahawia iliyoiva, mabega mekundu kama udongo wa kwetu. Alizaliwa bandani, hajui msitu, na alikuwa amewachana mikono wahudumu wawili.

"Huyo mwache, laoban," mwalimu akaniambia. "Hapendi watu."

Sasa nisikilizeni, hasa ninyi wa bara. Kwetu mama mkwe hatazamwi machoni. Ukimkuta amekaa, unakaa ubavuubavu, macho chini, huchezeshi mkono, husemi mpaka usemeshwe. Nilipomwona ndege yule amesimama wima, kifua mbele, jicho linanikagua kuanzia viatuni, nikajikuta nimeshakaa upande na kichwa nimekiinamisha. Mwili ulikumbuka wenyewe. Nilikaa hivyo mpaka goti likafa ganzi. Mara nikasikia manyoya yakikung'utwa, njuga ya mguuni ikalia kidogo. Mwalimu akasogea kimya kimya. Kipanga alikuwa amekunja mguu mmoja tumboni, na hao hawasimami kwa mguu mmoja mbele ya mtu wanayemwogopa.

"Nani alikufundisha?" akauliza.

"Mama wa mke wangu."

Dada mshonaji alicheka mpaka akaangusha vikofia. Tangu siku hiyo kipanga akaitwa Mkwe, hata na Wachina.

Lakini kituo kina sheria yake. Hakuna anayembeba ndege pale peke yake bila cheti cha awali cha kuhudumia ndege wawindaji, kinachotolewa na chama cha nje. Kuna maandishi na kuna vitendo mbele ya mtahini. Na Mkwe, kwa kuwa hakuwa na mhudumu, alikuwa amepangiwa kupelekwa mji mwingine, kwenye chumba cha vioo ndani ya jengo la maduka, akae pale apigwe picha. Mwalimu alinieleza kwa ufupi: "Ukipata cheti, anabaki. Ukikosa, anaondoka." Alikuwa anazungumzia ndege. Mimi nilisikia habari zangu. Nilijua asubuhi ambayo Mkwe hayupo, nitaamka na kunyoosha mkono chini ya kitanda, kwenye chupa.

Nikaanza kujitolea. Nilifagia mabanda, nilisoma usiku na mchana. Kuna fundo la kumfungia ndege kwenye kigingi, unalifunga kwa mkono mmoja kwa sababu mkono mwingine ameukalia yeye. Ndugu zangu, mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Nililifunga fundo lile kwenye kitasa cha mlango, kwenye mguu wa meza, kwenye kamba za viatu vya abiria aliyesinzia kwenye basi, nikamfungua kabla hajaamka. Siku moja nilifika nimeonja kidogo. Mkwe alijirusha kutoka mkononi, akaning'inia kichwa chini, akipiga mbawa. Mwalimu alimpokea, akanitazama, akasema tu, "Leo nenda nyumbani." Hakunifokea. Ningeshukuru kama angenifokea.

Nikarudi kesho yake. Fundo likaja kukaa. Mtetemo ukapungua, sijui siku gani, kama vile mvua inavyokatika wewe ukiwa unaongea na mtu.

Jambo kubwa katika kazi ile ni mizani. Kipanga anapimwa kila asubuhi, na kila anachokula kinaandikwa kwenye daftari. Anarudi mkononi kwa sababu ana hamu kidogo ya chakula. Si njaa ya mateso, ni hamu ile ya mtu anayesikia kitunguu kinakaangwa kwa jirani. Akishiba, hana shida na wewe.

Asubuhi ya mtihani nilimpima, nikaandika. Maandishi nilikuwa nimeshafaulu. Kisha nikamtazama Mkwe. Mtahini ametoka ng'ambo, wageni wamejaa, na Mkwe ndiye atakayesimama mbele yao. Na mama mkwe aende kwa wageni na tumbo tupu, kutoka nyumbani kwangu? Kwetu ni aibu ya ukoo mzima. Nikampa kware mzima. Sikuandika.

Nikamrusha. Akapaa vizuri, akatua juu kabisa ya mti wa lichi, akajisafisha manyoya. Nikanyoosha mkono na kipande cha nyama. Akanitazama kama mtu aliyekwisha nawa. Nikapiga filimbi. Akageukia upande wa mlima.

Mtahini akafungua daftari. "Amekula nini leo?"

Kwenye daftari palikuwa na uzito wake tu. Ndugu zangu, mlevi ni fundi wa jibu la haraka. Nilikuwa na majibu matatu mdomoni: upepo, kelele za wageni, ile kofia pana ya mtahini. Mwalimu wangu alikuwa ananiangalia glavu. Palikuwa na unyoya wa kware umenasa kwenye mshono, ameuona. Aliniachia mwenyewe.

"Kware mzima," nikasema. "Sikuandika. Nilimwonea huruma."

Mtahini akafunga daftari taratibu. "Basi leo hujafaulu," akasema, kwa upole, kama daktari anayekwambia uvae shati.

Watu wakaenda kula. Mimi nikabaki chini ya mti, kwa sababu ndege aliyeshiba ukimpoteza machoni anaweza kupotea kweli. Duka la getini linauza zile chupa ndogo za kijani, na nilijua zimekaa rafu gani. Sitajifanya shujaa. Nilishindwa tu kuondoka pale.

Dada mshonaji akapiga simu. "Umefaulu?"

"Nimefeli."

"Uko wapi?"

"Chini ya mti. Namsubiri Mkwe ashuke."

"Basi kaa hapohapo, kaka. Usiende popote."

Mwalimu akaniletea wali, kiti na koti la mvua, akaenda zake. Kulipopambazuka mashamba yalikuwa yamejaa ukungu mwepesi, majani ya lichi yanadondosha maji. Nilisimama, nikanyoosha mkono na kipande cha nyama bila kupiga filimbi, macho chini. Njuga ikalia mara moja. Sikumwona akija. Nilisikia uzito tu, ule uzito wake wa kilo pungufu kidogo, umekaa kwenye ngumi yangu, na kucha zikakaza juu ya glavu. Nililia, ndugu zangu, na yeye akaendelea kula.

Baadaye nilisikia kwamba mwalimu alikwenda kwa mkuu wa kituo na kumwambia: mtu anayesema alichokosea nitamfundisha, anayeficha siwezi. Akaomba Mkwe abaki mpaka mtihani unaofuata. Akakubaliwa. Miezi mitatu kila gramu iliandikwa. Siku ya mtihani wa pili kulikuwa na manyunyu na hapakutokea lolote la kusimulia: alipaa, akarudi, akala kipande cha ukubwa wa ukucha. Mtahini akasaini.

Cheti kiko kwenye mfuko huu, mtakipitisha wakati wa chai, msikishike na mafuta ya sambusa.

Namshukuru dada mshonaji. Nawashukuru wawili walionibeba. Namshukuru mwalimu wangu, ambaye hayupo hapa na asingeelewa neno, lakini Mungu anaelewa Kichina. Mke wangu hajarudi, na sitawadanganya kwamba ameahidi. Amekubali tu nipige simu Jumamosi, na binti anadai kuonyeshwa Mkwe kwanza kabla ya kunisalimia mimi.

Nilichojifunza ni kidogo. Niliwahi kudhani kupenda ni kujaza: sahani ijae, glasi ijae. Siku hizi nampenda Mkwe kwa mizani, na jioni anarudi. Na nimejifunza kwamba mtu akikuuliza umefanya nini, bado kuna nafasi ya kusema kweli, hata kama daftari limeshadanganya.

Namalizia. Ndugu yetu mmoja ameingia katikati ya maneno yangu, amekaa karibu na mlango, anatafuna pipi ya mnanaa. Sitakutazama, tulia. Ile harufu na kinachofichwa chini yake mimi nimeishi navyo. Kesho saa moja asubuhi nitakuwa kituo cha basi cha Xiaobei. Kule milimani mabanda ni mengi na fagio ni mbili. Sitakuuliza kitu njiani. Uoge tu.