Sindano ya Ukosini

Ndugu waombolezaji, mniwie radhi sauti ikinikatika, maana marehemu ni dada yangu, tumbo tulilotoka ni moja.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mama Vifungo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa mpiga pasi na mkewe, akasoma shule ya msingi ya jirani hadi mwaka 1965, na mwaka 1969 akaajiriwa kiwanda cha sare, meza ya vifungo, alikodumu hadi alipostaafu mwaka 2006.

Huko ndiko alikozoea kuchomeka ukosini sindano yenye uzi, wala hakuiacha hata siku za mapumziko, akiona kifungo chako kinaning'inia atakusimamisha hapo hapo barabarani, uwe bosi uwe mchukuzi, na ole wako ujifanye una haraka. Tarehe 7 Desemba 1974 alifunga ndoa na fundi baiskeli, ambaye, jamani, naye alimpata kwa kifungo, wakajaliwa binti mmoja na wavulana wawili.

Binti yake aliona haya mno, akawa anamwambia, mama, vifungo vya watu vinakuhusu nini, na sindano hakutaka hata kuishika. Mama yake alicheka tu, akimjibu kwamba mtu aliyeshikilia shati lisifunguke hawezi kumpa mwenzake mkono.

Mwaka 2021 kisukari kilianza kumla macho, figo zikafuata, na Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, akakata roho, binti yake akiwa amemkumbatia.

Jana, tukiwa tunamwandaa, kifungo cha shingoni cha gauni lake la mwisho kilidondoka, binti akaangua kilio, maana hakujua hata mama yake aliweka wapi sindano zake. Basi wanawake waliokuwamo chumbani, muuza mkaa, mwalimu, hata yule jirani tusiyesalimiana naye, kila mmoja akapeleka mkono ukosini, akachomoa sindano yenye uzi. Hawakuwa wameambizana. Binti akapokea moja, akashona mwenyewe, machozi yakimtoka, kifungo kikakaa upogo, nasi tukakiacha vivyo hivyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mliotupikia na kulala nasi, na wenzake wa meza ya vifungo. Asanteni sana.

Dada, pumzika kwa amani, sindano iko ukosini mwa binti yako.