Bwana Revelian na Maziwa ya Sikitu

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kuwapandisha ng'ombe wa Kinondoni kwa mrija wa mbegu, Bwana Revelian anastaafu tarehe 31 Desemba 1999. Ng'ombe wenyewe wametuma udhuru.

Alianza kwa baiskeli, akapewa pikipiki, pikipiki ikafa, akarudi kwenye baiskeli. Zama za ruksa zilipoingia, watumishi wakaruhusiwa kuwa na miradi yao, kila mtumishi kuanzia Mwananyamala hadi Kimara akafuga ng'ombe nyuma ya nyumba, na kila ng'ombe akashikwa na joto la kutaka dume Jumapili. Bwana Revelian alikwenda.

Kosa lake kubwa kazini lilikuwa kueleza vizuri. Mwaka 1997 redio ilipotangaza habari za kondoo Dolly, nakala iliyotokana na chembe ya kiwele cha kondoo mwingine, alitufafanulia uani wakati wa chai, wateja wakisikiliza. Alisema kila chembe ya mwili imebeba maelekezo ya mnyama mzima, ila mengi yamezimwa, kama nyumba ambayo taa ya jikoni peke yake ndiyo inayowaka. Wataalamu wamefaulu kuzima ya jikoni na kuwasha nyumba upya tangu msingi.

Jumatatu tulikuta foleni. Mzee mmoja alileta jogoo, akaomba wawe watatu kabla ya Idi.

Mama Yuliana wa Kimara alileta chupa ya maziwa. Kwa kuwa yule kondoo alitoka kwenye kiwele, aliona ametupunguzia kazi. Lakini hakuwa na mzaha. Mumewe alikuwa amepunguzwa kazini, watoto walisoma kwa maziwa ya ng'ombe wao Sikitu, na Sikitu alikuwa amezeeka bila kuzaa jike hata mmoja. Mchinjaji alishapita kumwangalia.

Bwana Revelian alimketisha, akamwambia ukweli. Uwezo huo hatuna, na hata walio nao wamejaribu mamia ya mara wakapata mmoja, maana taa nyingine hugoma kuwaka, nyingine hugoma kuzimika, na kiumbe hufia tumboni.

"Sasa mie nifanyeje, Baba?"

"Mchinjaji mwambie asubiri. Sikitu akishikwa na joto, niite. Hata Jumapili."

Aliitwa Jumapili ya Pasaka, akaenda na suti yake. Mimba ilishika, akazaliwa ndama jike, mweusi tii. Mama Yuliana alilalamika kwamba hana hata baka moja la mama yake. Akajibiwa kwamba hata nakala haiahidi mabaka yaleyale.

Sikitu alikufa mwaka jana, kwa uzee, wala si kwa kisu. Binti yake amezaa mwanzoni mwa mwezi huu, na chai mnayokunywa sasa hivi ni ya maziwa yake. Mama Yuliana ameyaleta katika chupa ileile, akasisitiza kwamba safari hii ni ya kunywa. Ya mara ile tuliyanywa pia. Ng'ombe huyo anaitwa Revelia, na mwenye jina hajapinga.

Bwana Revelian, ahsante sana. Pengo lako tutaliona, na hili tunalisema bila utani. Tunakuombea afya na uzee mtulivu. Jumapili zote sasa ni zako.

Nassibu Twalib, Idara ya Chanjo, kwa niaba ya wenzako