Kochi la Dada Lilipohamia Kijiweni

Vijiwe vimejaa dunia nzima, lakini kijiwe chenye kochi la mikono miwili, kabati la vyombo na feni ya kusimama ni kimoja tu, nacho kilidumu asubuhi moja. Siku zote pale kwenye kona, mbele ya kibanda cha kinyozi, hukaa benchi la mbao lenye mguu uliofungwa waya, na muuza kahawa na birika lake. Siku hiyo benchi lilisuswa kama mkwe mwenye madeni. Wakubwa walikuwa kwenye kochi. Kinyozi, ambaye kwa mdomo wake usiozimika wanamwita Redio, aliegemea mkono wa kulia. Mlinzi mstaafu, aitwaye Katibu kwa kuwa alilinda geti la ofisi mpaka akajiona mwenye ofisi, aliegemea wa kushoto. Katikati, kabanwa kama shati chini ya pasi, alikaa mwenye kochi, fundi cherehani aitwaye Sindano, macho yake hayabanduki kwenye mlango wa nyumba yake ng'ambo ya barabara.

Ndani ya nyumba hiyo alikuwamo dada yake mkubwa. Kiharusi kilimlegeza upande wa kushoto. Sindano anampikia, anamfulia, anamkata kucha, lakini kumwogesha dada aliyemlea mgongoni hawezi, na dada mwenyewe hataki hata kusikia. Jirani aliyekuwa akimsaidia kuoga amehama. Tangu hapo dada anajipangusa kwa mkono mmoja, mlango umefungwa, na Sindano kasimama nje anasikiliza kama ataanguka. Akaenda kuuliza zahanati, wakamwelekeza ofisi ya mtaa. Ofisi ya mtaa wakamwelekeza kwa watu wa ustawi wa jamii, na hao wakamwambia: nenda, kesho tunamtuma mtu aje amwone mgonjwa nyumbani, tujue tumpe msaada gani.

Hadi hapo Sindano alikuwa hajakosea kitu. Kosa lake ni kuipitisha habari kijiweni.

— Lakini Redio, una uhakika? aliuliza kwa mara nyingine.

— Wewe tulia. Huyo anakuja kukagua. Akikuta kochi, anaandika "wanajiweza", anaenda zake. Mimi nimenyoa kichwa cha mtu aliyekosa msaada kwa sababu ya pazia.

— Pazia tu?

— Lilikuwa na maua.

Katibu akakohoa kikohozi cha mtu mzima.

— Redio anajua juu juu. Mimi nimekaa na hao watu ofisini.

— Getini, akasema muuza kahawa.

— Geti ni la nani? Si la ofisi? Basi. Hao hawaangalii vitu, wananusa. Pua zao zimesomea. Sindano, leo mmekunywa nini?

— Uji.

— Una sukari?

— Kidogo.

— Umeniangusha, mdogo wangu.

— Sukari si hoja, akadakia Redio. Hoja ni panya. Wakimwona panya wako amenenepa, wanajua ndani kuna akiba.

— Nilisema mapema aazime paka.

— Paka naye wataandika mfanyakazi wa ndani.

Muuza kahawa akamwongezea Sindano kikombe bila kuombwa.

— Na dada alisemaje mlipomtolea vitu?

— Alinitazama tu. Nikamwambia ni mambo ya ofisi.

Hapo akatokea mwanamke wa makamo, mwavuli kwapani, begi begani, viatu vyenye vumbi la mitaa mingi.

— Hamjambo, ndugu zangu.

— Hatujambo, mama. Karibu kahawa.

— Asante. Kijiwe chenye feni ndiyo kwanza nakiona leo.

— Maendeleo, akasema Redio.

— Naulizia kwa fundi cherehani, mwenye mgonjwa.

Redio akaushusha uso kama mtu aliye msibani.

— Pale ng'ambo, mama. Watu wa dhiki mno. Hawana hata kigoda. Ukipiga chafya mle ndani, chumba kinaitikia.

Mwanamke akalitazama kochi. Akaona vitambaa vyake vilivyodariziwa, na mkono wa kulia uliong'aa kwa kushikwa kila siku mahali pamoja. Akauliza kwa upole:

— Na mgonjwa mwenyewe, sasa hivi amekalia nini?

Redio akamtazama Katibu. Katibu akatazama birika. Sindano akainuka akageukia mlango wake, maana kochi alilibeba na yeye alfajiri, kichwani mwake mna ofisi tu.

Sauti ikatoka dirishani ng'ambo:

— Mwambieni nimekalia ndoo.

Mwanamke alijifunika mdomo kwa mwavuli, mabega yanacheka.

— Kaka, akamwambia Sindano, sikuja kuhesabu vitu. Nimekuja kuona anainukaje, anaogaje, na nani yuko naye. Kochi la mikono ndilo la kujiinulia. Usingekuwa nalo, ningekuomba ulitafute.

— Na ile sukari? akauliza Katibu.

— Sukari gani?

— Achana naye, mama, akasema muuza kahawa.

Kochi likavuka barabara mabegani mwa Redio na Katibu, kila mmoja akimwelekeza mwenzake vibaya. Muuza kahawa akaikumbatia feni, Sindano akaliburuta kabati. Dada akashika mkono ule uliong'aa, akajisogeza kutoka kwenye ndoo, akakaa mahali pake na kuvuta pumzi. Kisha mlango ukafungwa, wanawake wawili wakazungumza mpaka Sindano pale kizingitini akasikia kitu alichokuwa amekisahau: dada anacheka.

Mlango ulipofunguliwa, mambo yalikuwa yamepangwa. Kuanzia kesho asubuhi mhudumu wa kike atakuja kumwogesha na kumnyoosha mkono uliolegea. Kule kwenye kona, Redio alishaanza kumsimulia mpita njia jinsi mpango wao ulivyofanikisha huduma, na birika lilikuwa tupu.

— Kuna mwingine hapa mtaani anayehitaji msaada? akauliza mwanamke akifunga begi.

— Wapo wawili, akasema dada. Wako kwenye lile benchi. Hawaumwi kitu, ila wasiachwe peke yao.