Mfereji Usiokanyagwa

Ndugu waombolezaji, majirani wa mtaa wa juu na wa chini, na ninyi wafanyakazi wa mferejini mliojibanza kule nyuma mkidhani hatujawaona, sogeeni mbele, viti vipo, leo hapa hafukuzwi mtu. Mimi ni binti wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Kokoto mkidhani hajui, naye alijua na alilipenda jina hilo.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi mwaka 1951, katika nyumba ya mwisho kabla ya mto, akiwa mtoto wa tano wa seremala na mshona nguo, akaanza shule ya msingi mwaka 1958, akafaulu hesabu na kufeli kila somo lililomtaka akae na watu, kisha akasomea ufundi bomba katika chuo kilicho nyuma ya stesheni, akamaliza mwaka 1971.

Mwaka 1973, bwawa la umeme lilipoziba mto na samaki wakawa wanagonga zege wasijue pa kupandia kwenda kutaga, idara ya uvuvi ilichimba mfereji pembeni, ikaumwagia changarawe na kuupitishia maji, ili samaki wapate pa kuzalia, na baba akaajiriwa kuutunza. Kila mwaka kabla ya msimu aliigeuza changarawe kwa reki na kuiosha tope, maana mayai yakifunikwa na tope hayapumui, na yakishatagwa haruhusiwi mtu kutia mguu, kwa kuwa kila hatua inapasua mayai yasiyohesabika. Hiyo ni sheria ya kazi, lakini baba aliigeuza dini, na mfanyakazi aliyeingia hata kuokota kofia yake alifukuzwa palepale, mbele ya wenzake, huku baba akisema sheria ni msumeno. Wawili kati yao wamekuja leo, na hawajaja kulia.

Tarehe 12 Juni 1976 alifunga ndoa na mama yangu, wakapewa nyumba ya kazi ng'ambo ya mfereji, baraza ikitazama maji, nami nikazaliwa mwaka 1978. Mwaka 1981, katika msimu wa mayai, uchungu ulimshika mama kabla ya siku zake, akajikokota hadi barazani akamwita baba aliyekuwa ukingo wa pili, karibu kiasi cha kuonana nyuso, na maji hayafiki magotini. Baba aliweka reki chini, akazunguka kupitia daraja la chini, na alipofika, mdogo wangu wa kiume alikuwa amekwisha kuzaliwa na amekwisha kufa, kitovu kimemzonga shingoni, na mle ndani hamkuwa na mtu wa kukizongoa isipokuwa mimi niliyekuwa bado nanyonya kidole. Samaki walianguliwa wengi mno mwaka ule, baba akapewa cheti, na mpaka leo kinaning'inia juu ya kitanda cha mama. Wiki iliyofuata alinunua ubao mrefu wa kuvukia, nadhani ndiyo radhi pekee aliyowahi kumwomba mkewe, akaufungia stoo na ufunguo akautia mfukoni. Mtoto mwingine hakupatikana, na msiniulize kwa nini.

Alistaafu kwenye karatasi mwaka 2011, lakini ufunguo hakuurudisha na mferejini hakuondoka. Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2019, daktari akamkataza kuinama, yeye akamjibu kwamba samaki hawana likizo ya ugonjwa. Jumanne ya wiki hii asubuhi kizunguzungu kilimshika akiwa ukingoni, akaanguka kifudifudi ndani ya mfereji, juu ya mayai. Mfanyakazi mmoja alikimbilia ubao, akakuta stoo imefungwa na ufunguo uko mfukoni mwa aliyeanguka, na mwenzake alibaki ukingoni akiita Mzee, Mzee, kama anayeomba ruhusa. Mama alikuwa barazani. Alivaa kandambili, akafunga mlango, akazunguka darajani, na alipofika walikuwa wamekwisha kuvunja kufuli, kulaza ubao na kumvuta baba kwa reki yake mwenyewe, lakini pumzi ilikuwa imekwisha kukatika. Jana nilimuuliza kwa nini hakuvuka, naye bila kuacha kukunja nguo za baba akasema, "Nilipita njia aliyopita yeye."

Familia inamshukuru daktari aliyesema ukweli asisikilizwe, majirani mliotuletea viti na turubai, na ninyi wafanyakazi mnaosemwa mtaani kwamba mlimtazama akifa, nawashukuru kwa niaba yake, maana mngekanyaga angewafukuza. Afisa wa uvuvi ametuhakikishia asubuhi hii kwamba mayai ya msimu huu ni salama, isipokuwa pale alipoangukia yeye.

Baba, kaburi lako tumelimwagia changarawe, na mama ameiosha kwa mikono yake hadi maji yakatoka meupe. Hapo hatakanyaga mtu, na mwenye shida na wewe atazunguka. Pumzika kwa amani.