Kufuli la Mlango wa Dharura

Teksi ya asubuhi, imejaa abiria, ilikuwa inaelekea viwandani Maseru. Nthatisi alikaa nyuma ya watu wawili wasiojuana, akawasikia bila kutaka. Mama mshonaji alikuwa akisimulia kwamba juzi cherehani ilishika moto kiwandani kwao, na walipokimbilia mlango wa dharura wakaukuta umefungwa kwa kufuli.

"Lakini moto ulizimwa, 'm'e," alisema mwanamume wa pembeni, msimamizi wa kiwanda kingine, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Mngemshukuru Mungu mkarudi kazini."

"Tulirudi, ntate. Na kufuli bado lipo."

"Bila kufuli nguo zinaibwa."

"Basi watupekue tukitoka. Afadhali nipekuliwe nikiwa hai."

"Hata kwetu lipo," alisema msimamizi. "Ni amri ya bosi."

"Na ufunguo anao nani?"

"Bosi."

"Naye saa hizi yuko wapi?"

Teksi ilisimama mbele ya kiwanda cha msimamizi, naye akashuka. Nthatisi naye akashuka, maana alikuwa akishona kiwandani humo humo, mwaka wa tatu sasa. Alipoingia alipitiliza cherehani yake, akausukuma mlango wa dharura. Haukusogea. Akamgeukia dada wa cherehani ya karibu.

"Njoo, ausi, usukume na wewe uone."